Kitambaa cha Kukinga Jua: Kipime Kabla Hujakikata

Hapa Lamu wateja wangu wengi ni watu wa mashua. Huniletea kitambaa cheupe chepesi: "Fundi, hiki ni cha jua." Cha joto, sawa. Cha jua, tuone kwanza. Kinachounguza ngozi ni mionzi ya urujuanimno, ambayo huisikii. Kaskazi ikivuma utajiona umepoa, kumbe shingo inaungua.

Hatua ya 1. Kitandaze safu moja, kiinue juani, weka kiganja nyuma. Ukiviona vidole, kirudishe dukani. Mionzi hupenya kwenye vitundu kati ya nyuzi, kwa hiyo ufumaji huja kabla ya yote. Jinzi ni ngome, ila nani atavuta wavu wa jarife na shati la jinzi?

Hatua ya 2. Kivute. Vitundu vikipanuka, shona kwa nafasi. Fulana ya kubana simshonei mvuvi, hata akinibembeleza.

Hatua ya 3. Lowesha pembe moja, kisha kiinue tena. Hapa ndipo pamba nyeupe huumbuka. Fulana nyeupe ya kawaida ikiwa kavu hupitisha takriban sehemu 1 kati ya 7 ya mionzi. Ikilowa, hufikia kama 1 kati ya 3, kwa sababu maji hujaa kati ya nyuzi na mwanga hautawanyiki tena, unapita moja kwa moja. Uzi wa poliesta wenyewe hunyonya mionzi. Kwa anayelowa kutwa nashona mchanganyiko wa poliesta na pamba uliofumwa kwa kushikana. Pamba tupu namwachia wa barazani.

Hatua ya 4. Rangi. Kwa kitambaa kilekile, bluu ya kukoza hukinga kuliko nyeupe. Inachemka? Ndiyo, kidogo. Chukua saizi kubwa upepo upite.

Hatua ya 5. Pamba mpya ifue kabla ya kukata. Ikinywea, vitundu hujibana.

Hatua ya 6. Kata mikono mirefu ivuke kifundo, kola ya kusimama, na mabegani weka safu mbili.

Kofia ya viua ni pambo, tena ina matundu, na haifiki masikioni. Baharini vaa yenye ukingo wa sentimita 7 au zaidi, kuzunguka kichwa chote. Povu la mawimbi na mchanga mweupe hurudisha mionzi kutoka chini, kwa hiyo pua, kidevu na nyayo zipake losheni ya kukinga jua.