Jinsi ya kuomba mkopo wa asilimia 10 kwa kikundi cha wakulima wa mboga Dar es Salaam

Wakulima wengi wa mboga wa Chanika, Mabwepande na Kigamboni hukumbuka mkopo mwezi wa saba, ardhi ikishakauka na kisima kinadai pampu. Hapo wameshachelewa. Mkopo wa halmashauri hauna riba, lakini makaratasi yake yana safari ndefu na mchicha hausubiri vikao. Ndugu zangu, anzeni wakati wa masika.

Fedha hizi ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Zilisimamishwa mwaka 2023, zikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Jiji la Dar es Salaam, yaani Ilala, liliwekwa kwenye halmashauri 10 za majaribio ya kutoa fedha kupitia benki, kwa hiyo mkazi wa huko aulize mapema benki gani inahusika.

Anzeni na kikundi. Wanawake au vijana, msipungue watano, kila mmoja awe Mtanzania aliyetimiza miaka 18, mkazi wa halmashauri hiyo, mwenye namba ya NIDA. Kikundi cha wanawake ni cha wanawake watupu; usimwingize mume ili kujaza idadi. Chukueni watu mnaojuana shambani, kwa sababu deni ni la wote. Mmoja akihama usiku, rejesho lake linabaki mikononi mwenu.

Andikeni katiba na muhtasari wa kikao, mpate barua ya utambulisho kwa mtendaji wa mtaa, kisha mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata kwa usajili. Akaunti ifunguliwe kwa jina lililo kwenye cheti, herufi kwa herufi. "Tumaini" kwenye cheti na "Tumaini Wakulima" benki ni vikundi viwili machoni pa mhasibu.

Sasa andiko la mradi, na hapa naomba mtulie. Sentensi kama "tunaomba milioni tano kukuza kilimo" haimwambii mtu kitu. Anzeni na tuta moja. Lipimeni kwa hatua. Mbegu vijiko vingapi? Samadi ya kuku viroba vingapi? Madumu mangapi ya maji asubuhi, mangapi jioni? Mchicha huwa tayari kwa wiki tatu hadi nne. Mchuuzi alilinunua tuta hilo kwa shilingi ngapi mara tatu zilizopita? Zidisheni kwa idadi ya matuta, kisha ondoeni yale ambayo wadudu au maji ya bondeni huyachukua kila msimu. Kama mama mmoja kwa ndoo anamudu matuta 10, na kwa pampu na mpira atamudu 20, faida ya yale 10 ya nyongeza ndiyo itakayolipa mkopo. Iandikeni waziwazi. Mwombeni afisa kilimo wa kata aje shambani alisome andiko akiwa amesimama kwenye tuta lenyewe, na siku hiyohiyo awaelekeze kujisajili kwa mbolea ya ruzuku, ili bei mtakayoandika iwe ile mtakayolipa kweli.

Ombi huingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki. Asiye na simu janja akae na afisa maendeleo ya jamii, asome kila namba kabla haijatumwa. Baadaye ombi hujadiliwa ngazi ya kata, kisha halmashauri, na wakaguzi wanaweza kuja shambani. Wakija wakute daftari la mauzo.

Katika kusubiri huku ndipo kausha damu, yaani wakopeshaji wa riba kali, hubisha hodi. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Hata kwa ukomo huo, milioni moja kwa miezi sita, riba ikihesabiwa kwenye mkopo wote, ni shilingi 210,000. Anayedai zaidi, mwombe leseni yake uione, na usimwachie kadi yako ya benki.

Mkataba ukifika, tafuteni kwanza tarehe ya rejesho la kwanza. Ikiwa kabla ya mavuno ya kwanza, ombeni muda wa neema, yaani rejesho la kwanza lisogezwe mbele, papo hapo, kabla yeyote hajasaini.