Namna ya kuhakiki na kurekebisha PAYE kwenye mshahara wako

Kodi ya mshahara, yaani PAYE, haipangwi kwa matakwa ya mwajiriwa. Viwango vyake vimewekwa na sheria, na mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuikata na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kwa hiyo anayetaka makato yarekebishwe, awe mtumishi wa Mji wa Serikali Mtumba au mhudumu wa hoteli katikati ya Jiji la Dodoma, hana budi kuonyesha kwamba hesabu imekosewa.

Anza na hati yako ya mshahara. Kwa Tanzania Bara, shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi kodi. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, kinachofuata hadi 760,000 asilimia 20, kisha hadi 1,000,000 asilimia 25, na kinachozidi milioni moja asilimia 30.

Kosa la kutafuta kwanza liko kwenye kiasi kinachotozwa, kwa sababu mchango wako wa mfuko wa pensheni, yaani NSSF au PSSSF, hutolewa kabla ya kodi kukokotolewa. Chukua mfano wa mwalimu wa shule binafsi ya Nzuguni anayelipwa 940,000 na kuchangia NSSF asilimia 10, yaani 94,000. Kodi yake inahesabiwa juu ya 846,000: kwa 760,000 za kwanza ni 68,000, na kwa 86,000 zilizobaki, kwa asilimia 25, ni 21,500, jumla 89,500. Mhasibu akikokotoa juu ya 940,000 nzima atakata 113,000, na mwalimu atapoteza 23,500 kila mwezi bila kujua. Fedha hiyo si ndogo, ndiyo maana nasisitiza hesabu hii ifanywe kwa kalamu na si kwa kukisia.

Makato ya Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu ni jambo jingine: hayapunguzi kodi, kwani ni marejesho ya deni. Malipo ya saa za ziada huingia kwenye hesabu ya kodi, lakini fedha za safari ya kikazi, kwa mfano ya kwenda Dar es Salaam, zinazofidia gharama halisi za kazi, hazipaswi kujumlishwa kwenye mshahara.

Mwenye ajira mbili awe mwangalifu zaidi. Viwango vya ngazi, yaani vile vinavyopanda kutoka asilimia 8 hadi 30, hutumika kwa mwajiri mmoja tu, aliye mkuu. Wa pili hukata asilimia 30 moja kwa moja. Wajulishe waajiri wote kwa maandishi ni ipi ajira yako kuu, maana wote wawili wakitumia viwango vya ngazi, kodi itapungua sasa na deni litakusubiri mbele.

Ukibaini kosa, mwandikie afisa utumishi au mhasibu barua fupi ukitaja miezi husika, kiasi kilichokatwa na kiasi sahihi, na uambatanishe hati za miezi hiyo pamoja na ukokotoaji wako. Usiishie kuzungumza naye korido. Bakiza nakala yenye mhuri wa kupokelewa, na uombe maelezo ya maandishi kuhusu fedha zilizokwisha kwenda TRA. Usipopata jibu, nenda na nakala hizo, pamoja na namba yako ya mlipakodi, katika ofisi ya TRA ya mkoa. Hati ya mwezi unaofuata ikitoka, ikague mstari kwa mstari kabla ya kufunga faili.