Somo: Mdudu anayekata matawi ya mkorosho ni yupi?

Ikiletwa picha ya mbawakawa mwenye pembe ndefu (yaani vipapasio) kutoka Kigamboni au Chanika, swali huwa ni lilelile: huyu ndiye anayetukatia mikorosho? Rangi peke yake haitakujibu.

Hatua ya 1. Piga picha tatu: usoni, mgongoni, ubavuni. Wengi hutuma ya mgongo tu, tena yenye kivuli cha simu.

Hatua ya 2. Anza na uso. Ukiwa umeshuka wima, mdomo ukitazama chini kama wa mbuzi malishoni, yumo kwenye nusufamilia ya Lamiinae, na tunayemtafuta yumo humo. Taya zikitokeza mbele na ubavu wa shingo ukiwa na miiba, hao ni nusufamilia nyingine, Prioninae, kama Tithoes, lile jitu la kahawia linalojigonga kwenye taa ya baraza usiku. Mwache aende.

Hatua ya 3. Sasa mgongo, na hapa usiwe na haraka. Wa pwani yetu ni Paranaleptes reticulata: mabaka meusi makubwa, rangi ya chungwa ikipita katikati yake kama nyuzi za wavu. Jina lake la Kilatini linataja wavu huohuo. Ndugu yake wa Afrika Magharibi, Analeptes trifasciata, ana mikanda mitatu myeusi iliyokatiza mgongo. Naye hukata mikorosho, ndiyo maana ukitafuta mtandaoni unaletewa picha za Nijeria. Mimi mwenyewe nilimpa jirani jina la huyo wa Nijeria, nikalitetea wiki nzima.

Hatua ya 4. Kagua mti. Jike hutafuna tawi kwa kulizunguka, kama pete, kisha hutaga upande wa juu unaokauka. Kama kinachotoa utomvu na ungaunga wa mbao ni shina, mshuku kwanza fukusi Mecocorynus, mwenye pua ndefu.

MASWALI

Mkuu, nimeokota wawili, mmoja pembe zake ndefu kuliko za mwenzake. Ni spishi mbili?
Kama mabaka yanafanana, hao ni dume na jike. Dume ndiye mwenye ndefu.

Wangu alilia nilipomshika!
Anasugua shingo na kipande cha nyuma yake. Wengi wa familia hii hulia hivyo, kwa hiyo kilio hakikusaidii kumtambua.

Matawi yaliyoanguka naweza kufanya kuni?
Fanya, dada, ila yachome mapema. Ukiyarundika nyuma ya jiko, mabuu yaliyomo yatakomaa na kurudi mkoroshoni.