Namna ya Kupima Nguvu na Udhaifu Wako katika Sataranji ya Mtandaoni

Wachezaji wengi wanaonijia wakitaka kufundishwa huanza kwa kunitajia udhaifu wao wenyewe, na mara nyingi wanaoutaja ni mmoja: hawajui funguzi za kutosha, yaani mipangilio ya miendo ya mwanzo wa mchezo. Nikiifungua michezo yao nakuta jambo tofauti. Ufunguzi uliwapa nafasi iliyo sawa, kisha mchezo ukapotea katikati kwa sababu kete iliachwa bila ulinzi, au saa ilibakiwa na sekunde chache wakati ambapo bado palikuwa na kazi ya kufanya. Mchezaji wa namna hii anaweza kukariri funguzi mwaka mzima na alama zake za kiwango zisisogee. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuiacha michezo yako yenyewe ikuonyeshe ulipo imara na ulipo dhaifu, kabla hujachagua zoezi lolote. Nitatolea mifano mtandao wa Lichess kwa kuwa zana zake zote ni za bure, anayecheza Chess.com anaweza kufuata utaratibu huuhuu, ila akaunti ya bure ya huko ina kikomo cha mapitio ya michezo.

Hatua ya kwanza: kusanya michezo inayolingana

Chukua takriban michezo thelathini ya karibuni, yote ya kuhesabiwa alama na yote ya aina moja ya muda. Lichess hukadiria urefu wa mchezo kwa kujumlisha muda wa mwanzo na sekunde za nyongeza (zinazoongezwa kwenye saa yako baada ya kila mwendo) zilizozidishwa mara 40, kwa hiyo mchezo wa dakika 10 wenye nyongeza ya sekunde 5 huhesabiwa kuwa wa dakika 13 na sekunde 20. Mchezo unaofikia dakika 8 bila kufika 25 huwekwa kwenye kundi la rapidi, na hilo ndilo kundi linalofaa zaidi kwa uchunguzi huu. Michezo ya dakika moja au mbili huonyesha zaidi wepesi wa vidole kuliko ulivyofikiri, na sioni faida ya kuichambua kwa kina.

Usichague michezo uliyoshindwa peke yake. Uliyoshinda na iliyotoka sare ina makosa yaleyale, tofauti ikiwa kwamba mpinzani hakuyaona. Michezo iliyopotea kwa sababu bando liliisha, umeme ulikatika au kidole kiligusa mraba usiokusudiwa iweke pembeni, maana haisemi lolote kuhusu sataranji yako. Kama ya kugusa vibaya ni mingi, nenda kwenye mipangilio uwashe uthibitisho wa mwendo, kisha uendelee na mengine.

Hatua ya pili: pitia kila mchezo bila injini

Ucheze upya mchezo mzima kwa macho yako mwenyewe, na uandike kwenye daftari mwendo ambao unaamini ndio uliogeuza mambo, pamoja na ulichokuwa ukikifikiria wakati huo. Sentensi moja inatosha. Ukiiwasha kwanza injini, yaani programu ya kompyuta inayochambua miendo, jibu lake litafuta kumbukumbu ya fikra zako, na fikra hizo ndizo tunazozitafuta.

Hatua ya tatu: washa injini na utafute mgeuko wa kwanza

Stockfish, injini inayotumiwa na Lichess, hutoa tathmini inayosomwa kwa kipimo cha vitunda, yaani wale askari wadogo wa mstari wa mbele. Kwa hesabu iliyozoeleka, farasi na askofu wana thamani ya takriban vitunda 3, ngome 5, na malkia 9. Kwa mchezaji ambaye hajafikia alama 2000, mabadiliko ya tathmini yasiyofika kitunda kimoja yanaweza kupuuzwa bila hasara. Tafuta mahali pa kwanza ambapo hali ilibadilika kweli, yaani kutoka sawa kwenda kushindwa, au kutoka kushinda kwenda sawa. Linganisha mwendo huo na ule ulioandika daftarini. Inapotokea mara kwa mara kwamba mgeuko halisi ulikuja mapema kuliko ulivyodhani, tayari umegundua jambo kubwa: hatari hukupita bila wewe kuisikia.

Asilimia ya usahihi inayotolewa mwishoni mwa mchezo isikushughulishe sana. Mchezo ambao mpinzani alipoteza malkia mapema hutoa asilimia ya juu kwa sababu miendo iliyofuata ilikuwa rahisi, ilhali mchezo mgumu ulioupigania kwa akili unaweza kutoa asilimia ya chini ingawa uliucheza vizuri zaidi.

Hatua ya nne: taja chanzo cha kila mgeuko

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanaporuka. Injini hukuonyesha mahali kosa lilipotokea na mwendo uliokuwa bora, lakini haiwezi kukwambia kwa nini ulikosea, kwa sababu haijui ulikuwa ukitazama wapi. Kosa lenye sura moja ubaoni linaweza kuwa na vyanzo vitano tofauti, na kila chanzo kina dawa yake.

Tuchukue mfano wa ufunguzi wa Kiitaliano, unaochezwa sana mtandaoni. Mweupe anasogeza kitunda hadi e4 (herufi ni safu ya wima ya ubao, namba ni safu ya mlalo), mweusi anajibu e5. Farasi mweupe anatoka f3, farasi mweusi anatoka c6. Askofu mweupe anakwenda c4, na mweusi anatoa farasi wake wa pili f6. Mweupe anarusha farasi g5 ili aishambulie f7, mweusi anazuia kwa kitunda d5, na mweupe anakila kitunda hicho kwa kitunda chake cha e4. Sasa mweusi asiyejua hukila kitunda cha d5 kwa farasi wake mara moja, na kwa kufanya hivyo hujitia mashakani: farasi mweupe anaweza kujitoa sadaka f7, mfalme analazimika kumla, malkia mweupe anakuja f3 akimtishia mfalme na huku akimshambulia farasi wa d5, na mfalme anajikuta akitembea e6, katikati ya ubao, ili kumlinda farasi huyo. Jibu linalotegemewa lilikuwa farasi wa c6 kwenda a5, akimshambulia askofu.

Injini itaweka alama ya kosa kwenye mwendo wa tano wa mweusi, basi. Wewe lazima uende mbele zaidi. Je, ulikila kitunda kwa sababu ulizoea kwamba ukiliwa nawe unakula, bila kutazama kitu kingine? Hicho ni chanzo cha mazoea. Je, uliiona sadaka ya farasi ukadhani mfalme wako atatoroka? Hapo ulihesabu vibaya. Je, uliihesabu sawasawa, lakini hukujua kwamba farasi wa pembeni a5 ni jibu linalokubalika? Hapo ulipungukiwa na maarifa, na ni katika hali hii pekee ambapo kusoma ufunguzi kutakusaidia. Chanzo cha nne ni saa, pale ambapo ulijua la kufanya ila hukuwa na muda. Cha tano ni hali ya moyo: hasira baada ya kupoteza mchezo uliotangulia, tamaa ya kumaliza haraka mchezo unaouongoza, au kukata tamaa mapema katika nafasi ambayo bado ilikuwa na uhai.

Muda uliotumia kwenye mwendo ni shahidi mzuri. Lichess hukuonyesha sekunde ulizotumia kwa kila mwendo, chini ya grafu ya uchambuzi. Kosa lililochezwa kwa sekunde mbili wakati saa bado ina dakika saba karibu daima ni la mazoea, hata kama mwenyewe unaapa kwamba ulifikiri. Kosa lililokuja baada ya kutafakari dakika nzima ni la kuhesabu au la maarifa. Na kosa la sekunde mbili saa ikiwa ukingoni si la mwendo huo hata kidogo. Rudi nyuma utafute ule mwendo wa ufunguzi ulioutafunia dakika tatu ilhali palikuwa na majibu mawili yenye uzito uleule. Mchezo wa dakika 10 usio na nyongeza, ukienda miendo arobaini, unakupa wastani wa sekunde 15 tu kwa kila mwendo, na wastani huo hauvumilii ukarimu wa mapema.

Ukimaliza, hesabu. Katika michezo thelathini, chanzo kimoja kwa kawaida huwazidi wenzake kwa mbali, na si nadra kikawa kile ambacho mchezaji hakukitarajia.

Hatua ya tano: pima nguvu kwa ukali uleule

Wachezaji hupenda kujisifia ushindi usio na uzito. Kumtoa malkia mapema h5 ili kumfunga mfalme kwa kula f7 huleta pointi dhidi ya wanaoanza, lakini hiyo si nguvu. Ni mtego ambao utaacha kufanya kazi pindi wapinzani wako watakapopanda kidogo. Kwa hiyo chagua ushindi wako dhidi ya waliokuzidi alama, kisha uulize ulipatikana vipi. Ulibana polepole hadi mpinzani akakosa nafasi? Ulijilinda katika hali mbaya hadi akachoka? Ulimzidi baada ya malkia kuondoka ubaoni?

Sehemu ya takwimu binafsi ya Lichess inasaidia hapa, mradi michezo yako iwe imekwisha kuchambuliwa na injini. Inaweza kukutenganishia matokeo kwa ufunguzi, kwa rangi, kwa awamu ya mchezo, na hata kwa kubadilishana au kutobadilishana malkia. Ina pia kipimo cha mara ngapi unalitumia kosa kubwa la mpinzani, na kingine cha mara ngapi yeye hushindwa kulitumia la kwako. Hicho cha pili nakishauri kwa kila anayedhani amepanda kiwango: kikiwa juu sana, sehemu ya alama zako umepewa na wapinzani wako, na wakali zaidi hawatakuwa wakarimu hivyo.

Nguvu ikishathibitishwa, itumie kuchagua njia. Mwaka 2000 jijini London, Vladimir Kramnik alimvua Garry Kasparov ubingwa wa dunia bila Kasparov kushinda hata mchezo mmoja, na silaha yake kuu ya mweusi ilikuwa ulinzi wa Berlin, ambao katika njia yake maarufu huondoa malkia wote wawili kwenye mwendo wa nane. Kasparov alikuwa hatari mno malkia wakiwa ubaoni. Kramnik aliuvuta mchezo kuelekea alikojiamini. Wewe huhitaji kujifunza Berlin. Inatosha kujua kwamba, kwa mfano, unafanya vizuri zaidi malkia wakitoka mapema, ili mpinzani akikupa nafasi ya kubadilishana usiikwepe kwa woga wa kuonekana mwepesi.

Hatua ya sita: zoezi moja kwa chanzo kimoja

Usitibu vyote kwa pamoja. Kama chanzo kikuu ni mazoea, zoezi linafanyika ndani ya mchezo wenyewe: kabla ya kila mwendo jiulize mwendo wa mpinzani umeshambulia nini na umeacha nini bila ulinzi, kisha utazame miendo yote inayomtishia mfalme na vyote vinavyoweza kuliwa, kwa pande zote mbili. Ongeza mafumbo mepesi mengi kila siku: farasi anayeshambulia kete mbili, kete iliyobanwa mbele ya mfalme, mfalme aliyenaswa kwenye mstari wake wa nyuma. Mafumbo mepesi yana sababu yake. Mwanasaikolojia Mholanzi Adriaan de Groot alionyesha tangu miaka ya 1940 kwamba mabingwa hawahesabu mbali sana kuliko wachezaji wazuri wa kawaida. Wanauona mwendo sahihi mapema zaidi. Mwaka 1973 watafiti Chase na Simon walionyesha kwamba bingwa hukumbuka kwa urahisi nafasi iliyotoka kwenye mchezo halisi, lakini kete zikipangwa ovyo ubora wake karibu wote hutoweka. Jicho linalojua maumbo hujengwa kwa kurudia.

Kama tatizo ni kuhesabu, fanya kinyume: mafumbo machache, magumu, bila saa, na usiguse kete yoyote kabla hujaiandika njia nzima pamoja na majibu ya mpinzani. Ukikisia mwendo wa kwanza ukapatia, usijihesabie.

Kama ni maarifa, anza na mwisho wa mchezo. Weka mfalme mweupe e5, kitunda chake e4, na mfalme mweusi e7. Ikiwa zamu ni ya mweusi, mweupe anashinda. Ikiwa ni ya mweupe, ni sare. Mpaka uweze kueleza sababu kwa maneno yako na kuicheza dhidi ya injini bila kukosea, miendo ya kumi na tano ya funguzi isubiri. Tatizo likiwa saa, hamia kwenye michezo yenye nyongeza, mathalani dakika 15 na sekunde 10. Kwa hali ya moyo dawa ni kanuni kavu: ukipoteza michezo miwili mfululizo, funga programu hadi kesho.

Hatua ya saba: pima tena

Cheza michezo mingine thelathini ya aina ileile, kisha urudie hatua ya pili hadi ya nne. Linganisha idadi ya vyanzo, wala usilinganishe alama kwanza. Alama huyumba: hata unapomzidi mpinzani kwa alama 100, matarajio yako ni takriban asilimia 64 ya pointi, kwa hiyo wiki mbaya inaweza kukushusha bila wewe kuwa umeharibika. Alama za Lichess, ambako kila mtu huanzia 1500, nazo zisilinganishwe na za Chess.com. Ikiwa makosa ya mazoea yamepungua kwa nusu na alama hazijasogea, endelea na zoezi hilohilo kwa duru nyingine. Ikiwa hayakupungua, chunguza muda ulioutumia kwenye miendo hiyo kabla ya kulibadilisha zoezi, kwani mara nyingi utakuta maswali ya hatua ya sita yaliulizwa katika miendo kumi ya kwanza, kisha yakaachwa.