Jinsi ya kubadilisha jina na herufi ya diski kwenye Windows

Ukifungua This PC ukakuta "Local Disk", kisha "New Volume", na chini yake "New Volume" nyingine, utalazimika kufungua moja moja mpaka uzione picha zako. Dawa yake ni ya dakika chache, kwenye Windows 10 na 11. Ila kwanza tofautisha jina na herufi. Jina huandikwa ndani ya diski yenyewe na huenda nayo popote. Herufi, yaani ile D: au E:, hupangwa na Windows ya kompyuta husika na kutunzwa humo humo. Ukienda na flashi steshenari kuchapisha kazi, jina litaonekana vile vile, lakini herufi huenda ikawa nyingine kabisa. Mteja akiniambia "kazi iko kwenye F", bado hajaniambia kitu.

Hatua ya 1: Badilisha jina

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na E, ingia This PC, bofya diski mara moja kisha bonyeza F2. Andika jina, piga Enter. Faili zako haziguswi. Kwa diski C: utaombwa ruhusa ya msimamizi, ikubali.

Jina likikataliwa, angalia urefu. Diski zenye mfumo wa faili (namna diski inavyopanga faili) wa NTFS, ambazo ndizo za ndani ya kompyuta nyingi, hupokea hadi herufi 32. FAT32 na exFAT, mifumo ya flashi nyingi, huishia 11, na nafasi tupu nayo huhesabiwa. "PICHA HARUSI" ni 12, haiingii. Ondoa nafasi, "PICHAHARUSI" inaenea barabara. Kujua diski yako ni ya aina gani, ibofye kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, usome mstari wa File system. Na usishangae FAT32 ikigeuza jina lote kuwa herufi kubwa, ndivyo ilivyo.

Hatua ya 2: Badilisha herufi

Hapa ndipo pa kutuliza mkono. Funga kwanza kila kitu kilichofunguliwa kutoka kwenye diski hiyo. Bonyeza Windows na X, chagua Disk Management. Bofya diski yako kwa kitufe cha kulia, chagua Change Drive Letter and Paths, kisha Change, chagua herufi, OK. Soma menyu hiyo vizuri kabla ya kubofya: Format iko jirani kabisa na unachokitafuta, na Delete Volume iko chini kidogo. Hizo mbili ndizo zinazofuta kazi za watu.

Windows itakuonya kwamba baadhi ya programu zinazotegemea herufi zinaweza kugoma. Onyo hilo ni la kweli. Kama umesakinisha programu au michezo kwenye D:, iache D: kama ilivyo, ubadilishe jina tu. Diski ya picha, muziki na nyaraka haina shida; labda njia za mkato chache zitakufa, utazitengeneza upya. C: yenye Windows haibadilishwi. Na zile partisheni ndogo (vipande vya diski) zisizo na herufi, za kuwashia na kurekebishia kompyuta, achana nazo.

Kwa diski ya nje ya kuhifadhia nakala napendelea herufi za mwisho mwisho, kama T: au X:. Windows hugawa herufi za mwanzo zilizo wazi, kwa hiyo flashi ya mgeni haitaikalia nafasi hiyo, na programu ya nakala itaikuta diski palepale kila siku.

Flashi ikichomekwa isionekane kwenye This PC, itafute humo humo Disk Management. Ikiwa ipo, ina jina lakini haina herufi, rudi kwenye Change Drive Letter and Paths na safari hii bofya Add. Ikiandikwa RAW, yaani Windows haiutambui mfumo wake wa faili, kuipa herufi hakutoshi. Windows itakuomba uifomati, na kama kuna kazi ndani unayoihitaji, bofya Cancel.