Fufua miti kwa visiki kabla ya kununua miche

Ardhi iliyokatwa miti mara nyingi bado ina mizizi hai. Kabla ya kutumia pesa kwenye miche, zunguka shamba ukitafuta visiki vinavyochipua.

Kwenye kila kisiki acha machipukizi 3 hadi 5 yaliyonyooka, mengine yaondoe. Tumia panga kali na ukate kutoka chini kwenda juu. Ukikata kwa kushusha, gome huchanika, wadudu huingia kwenye kidonda na chipukizi huweza kuoza. Pogoa matawi ya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya urefu wa chipukizi; usizidishe, maana majani ndiyo yanayolisha mzizi. Funga kitambaa cha rangi ili mwenye jembe au mifugo akione kisiki. Rudi kila miezi 2 hadi 6 kupunguza machipukizi mapya.

Matawi yaliyopogolewa ni kuni za nyumbani mapema kabisa. Fito na nguzo za kuuza hufuata. Ila mti usio na mwenyewe hukatwa usiku. Nchini Niger miti iliongezeka mashambani wakulima walipoanza kuihesabu kuwa yao. Kwa hiyo andikianeni makubaliano kwanza kijijini: nani avune, na mbuzi wapite wapi.