Spishi moja ama mbili? Angalia kama watoto wao wanazaa
Kwa wale mnasaidia watoto na homuwaki ya bayolojia hapa Nairobi: ukiulizwa kama wanyama wawili ni spishi moja usianze na rangi wala saizi, uliza kama wakiachwa porini wanazaana wenyewe na kama watoto wao nao wanazaa. Farasi na punda wanapata mtoto lakini karibu kila mara ni tasa, so ni spishi mbili, kesi imeisha. Inafanya kazi kwa sababu spishi mpya huanza pale jeni zinaacha kuchanganyika, mto ama mlima ukiwatenga kila upande unabadilika kivyake mpaka siku wakikutana hawawezi kuzaana tena, na hii ya kuzaana ndio maana ya spishi mwanabiolojia Ernst Mayr aliitetea 1942. Hiyo "porini" usiiruke, kwa zoo wanyama wengine huzaana hata na spishi ambayo porini hawangezaana nayo. Penye inagoma: bakteria (wanajigawa tu), visukuku (mabaki ya viumbe wa kale, huwezi kuona wakizaana), na samaki wanaoitwa furu wa Ziwa Victoria, jike huchagua dume kwa rangi, sasa maji yakichafuka rangi hazionekani na spishi zinaanza kuchanganyika. Hata Laikipia pundamilia wa Grevy na wale wa kawaida wanapata machotara wanaozaa, na bado wanahesabiwa spishi mbili.